Hasara Isiyoandikwa Hailipwi

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakulima, wafugaji na wavuvi wa Ras Kitau, Manda

  

Swali ninaloulizwa zaidi kila nikivuka kuja Manda ni hili: "Mbona serikali haitulipi tulichopoteza?" Leo nitalijibu bila kuzunguka.

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mwisho wa 2023 ikaja El Nino, hata barabara ya Lamu hadi Garsen ikakatika. Aliyeona mahindi yakikauka akayaona tena yakioza majini.

Lakini tangazo la janga si hundi. Hufungua njia ya chakula, maji, malisho, na serikali kununua mifugo iliyodhoofika kabla haijafa. Halimlipi kila mtu kila mbuzi. Kaunti nayo inaruhusiwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kuwa na hazina ya dharura, ila haiwezi kupita asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Fungu hilo ndilo la moto, la mafuriko na la maradhi ya mlipuko. Anayewaahidi kwamba litafidia kila shamba anawadanganya.

Malipo ya pesa taslimu yapo, na kila moja lina mlango wake.

Kwanza, mpango wa taifa wa kukinga njaa, ulioanzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Kaya iliyoandikishwa ililipwa shilingi 5,400 kila miezi miwili kupitia benki. Ukame ukizidi, kaya nyingine zilizokwisha kuandikishwa huongezwa.

Pili, bima ya mifugo ya serikali, iliyoanza 2015 Turkana na Wajir. Hiyo haihesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na yakikauka kupita kiwango, mfugaji hulipwa mnyama akiwa bado hai, apate kununua majani na maji.

Tatu, fidia ya wanyamapori chini ya sheria ya 2013. Hii inatuhusu moja kwa moja hapa Lamu. Tembo, nyati, kiboko au simba akiharibu mazao au kuua mifugo, unaweza kudai kwa bei ya soko. Si kila mnyama yumo katika orodha ya sheria, na dai hukataliwa ikiwa mwenyewe hakuchukua hatua za kulinda shamba lake.

Milango yote hiyo inafunguliwa na karatasi. Wavuvi mnalijua hili kuliko mimi. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya. Hukumu ilitoka siku moja. Kuhakiki majina kukachukua miaka.

Basi nawaomba haya. Andikeni leo, kabla ya hasara: ekari ngapi, zao gani, mbuzi na punda wangapi. Nakala moja ikae kwa mzee wa kijiji. Hasara ikitokea, piga picha kabla hujafyeka shamba au kuzika mzoga, kisha toa taarifa upesi kwa chifu na afisa wa kilimo au mifugo. Akiwa mnyamapori, ripoti kwa KWS. Usiondoke bila nakala yenye muhuri. Mjane anayelima shamba la marehemu aandikwe kwa jina lake mwenyewe, asisubiri shemeji.

Na kuandikishwa ni bure. Anayetaka "pesa ya fomu" au namba yako ya siri ya M-Pesa ni mwizi. Mpelekeni kwa chifu.

Siwezi kuwaahidi kwamba kila dai litalipwa. Lisiloandikwa, hilo halina hata wa kulikataa.