Mzee Kazini Mbele ya Akili Bandia: Nani Amkague Mwenzake?

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wanajumuiya, Lidcombe, Sydney)



Nimetakiwa nizungumze juu ya namna ya kuwasaidia wenzetu wenye umri na ujuzi mkubwa wa kazi ili waondokane na khofu ya hiki kitu kinachoitwa akili bandia. Huko nyumbani wapo wanaosema akili unde, na magazeti mengi yanaandika akili mnemba. Mimi leo nitabaki na akili bandia, kwa sababu neno bandia linatukumbusha mapema kuwa kitu kinafanana na chenyewe lakini sicho, na anayeweza kutofautisha ni yule anayekijua chenyewe. Mengi nitakayosema yanazunguka hapo hapo.

Kwanza tuseme wazi kwa nini jambo hili ni zito kwetu. Umri wa kupata pensheni ya serikali hapa Australia ni miaka 67, tangu Julai 2023, na kwa kawaida mhamiaji anatakiwa awe amekuwa mkaazi wa hapa kwa miaka 10. Wengi wetu hatukuja hapa na umri wa miaka 20. Tulikuja na 40, wengine na 48, na supa tumeanza kuiweka wakati mzawa wa hapa ameshaiweka nusu ya umri wake wa kazi. Sasa mtu huyu akiacha kazi akiwa na miaka 59 kwa sababu ya kuaibika mbele ya skrini, mbele yake ana miaka minane ya kula akiba ambayo haipo. Na watu wanaacha. Hawasemi kuwa ni kompyuta. Wanasema mgongo unauma, wanasema wamechoka, wanasema wanataka kukaa na wajukuu.

Ndugu zangu, tunapenda sana kusema penye wazee haliharibiki neno. Msemo huo tunautumia harusini na misibani. Kazini tunawaachia vijana wawanyang'anye wazee simu mkononi, "nipe nikufanyie", na kwa kuwafanyia hivyo tunawathibitishia kuwa hawawezi.

Hebu tukumbuke jambo moja la nyumbani. M-Pesa ilipoanza Kenya, Machi 2007, waliokuja kuitumia ni pamoja na bibi zetu wa vijijini ambao hawakuwahi kugusa kompyuta. Nani aliwafundisha? Si semina. Alikuwepo wakala, mtu wa mtaani wanayemjua, amekaa dukani kwake, na bibi alikwenda na haja yake mwenyewe: mtoto katuma pesa ya dawa, anataka kuitoa. Alijifunza kwa sababu alikuwa na shughuli, na alikuwepo mtu wa kumuuliza mara ya pili na ya tatu bila ya kuchekwa. Mafunzo mengi ya kazini hapa ni kinyume chake. Analetwa kijana mwenye kompyuta ya mapajani, anaonyesha picha 40 kwa saa moja, anauliza "kuna swali?", na mwenye miaka 60 ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu hawezi kunyanyua mkono mbele ya meneja wake kusema hakufahamu hata ile ya kwanza.

Sasa niingie ndani ya kazi yenyewe. Nachukua mfano wa nyumba za kulelea wazee, kwa sababu humu ukumbini sidhani kama kuna familia isiyokuwa na mtu katika kazi hiyo. Ipo programu iitwayo PainChek, iliyobuniwa Perth, ambayo inatumika kupima maumivu ya watu wasioweza kusema, khasa wenye maradhi ya kusahau. Mhudumu anaelekeza kamera ya simu kwenye uso wa mzee kwa sekunde chache, akili bandia inasoma misuli ya uso, kisha inatoka alama. Ukilisikia hivyo unadhani kazi ya mhudumu imekwisha. Lakini kipimo hicho kina vipengele 42. Mashine inasoma vipengele 9, vya uso tu. Vilivyobaki 33 anavijaza mhudumu: sauti ya mzee, anavyojigeuza, tabia zake, kula na kulala kwake, na hali ya mwili wake.

Fikirini maana yake. Yule mama aliyekaa miaka 18 katika kazi hii, anayejua kuwa mzee wa chumba cha mwisho akianza kuvuta shuka kwa mkono wa kushoto basi kibofu kimejaa, na kwamba yule mwengine huguna kila asubuhi na wala haumwi, mama huyo ndiye mwenye vipengele 33. Kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita atabonyeza simu haraka kuliko yeye, sikatai. Lakini ataijaza nini? Atajaza anachokiona siku ile, na kwa mtu asiyeweza kusema, siku moja haitoshi. Hata hivyo nenda kamuulize mama huyo, atakwambia "mimi mambo ya AI siyajui." Anayajua zaidi ya robo tatu, na hakuna aliyemwambia.

Ndiyo maana naona kosa letu kubwa ni kuwafundisha wazee vitufe kabla ya kuwapa cheo. Cheo ninachokisema ni cha ukaguzi. Mtu anayeambiwa "jifunze mashine hii au utaachwa nyuma" huingia akiwa mwanafunzi mwenye khofu. Mtu huyo huyo akiambiwa "mashine hii imeandika habari za kazi yako, tusomee utwambie wapi imekosea", huvaa miwani yake na kukaa sawasawa kwenye kiti.

Na kukosea inakosea, tena kwa lugha nzuri. Mwaka 2025, kampuni kubwa ya Deloitte ilitoa ripoti kwa Idara ya Ajira na Mahusiano ya Kazini ya hapa Australia, kazi ya dola karibu 440,000. Ndani yake mlikuwa na marejeo ya maandishi ambayo hayapo duniani, na hata maneno yaliyobandikwa kwenye hukumu ya mahakama ambayo jaji hakuyasema. Akili bandia ilikuwa imetumika. Aliyegundua ni msomi wa Chuo Kikuu cha Sydney, Chris Rudge. Hakutumia mtambo wowote wa ajabu. Aliona profesa mwenzake wa chuo hicho hicho ametajwa kuwa ameandika kitabu ambacho yeye hakuwahi kukisikia, na kwa kuwa uwanja huo anaujua, akashtuka. Oktoba kampuni ikakubali kurejesha sehemu ya fedha. Wasomaji wengine walikuwa na kompyuta kama yake. Walichokosa ni yale mazoea ya miaka yanayomfanya mtu aseme, "hapana, hiki sikijui, na kingekuwepo ningekijua." Nesi wa miaka 25 anayo. Dereva wa lori anayo, mpangishe njia kwa programu uone atakavyokwambia barabara gani haipitiki na kwa nini.

Niseme kidogo kwa wale wanaoona dawa ni kuikataa kabisa. Nawaelewa. Mwaka 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi vijana wa Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, walivyolipwa chini ya dola mbili za Kimarekani kwa saa kusoma na kuchambua maandishi machafu ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Mwenye hasira juu ya hilo ana haki. Lakini kukataa Tanzania ilishakujaribu. Mwaka 1974, baada ya hesabu za Wizara ya Fedha kuvurugika zilipohamishiwa kwenye kompyuta, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali. Sababu ilikuwepo na ilikuwa na uzito. Lakini marufuku hayo yalidumu, kwa sura moja au nyengine, mpaka miaka ya 1990, na wapo humu walioanza kazi za ofisi kipindi hicho na kukutana na kompyuta wakiwa na watoto wakubwa. Wanaijua ile khofu tunayoizungumza leo, kwa sababu ni ya pili kwao.

Sasa nije kwenye upande ambao wenzangu wanaofundisha huwa hawaugusi. Kujiamini peke yake hakutoshi. Wengi wenu mnalikumbuka balaa la Robodebt, baina ya 2015 na 2019, pale Centrelink ilipochukua mapato ya mwaka mzima ya mtu, mfumo wa kompyuta ukayagawa sawa kwa wiki mbili mbili, kisha watu wakaandikiwa barua kuwa wanadaiwa. Kwa mtu wa zamu za kubahatisha, wiki hii saa 38 na ijayo saa 6, hesabu hiyo ni uongo mtupu. Wala haikuwa akili bandia ya aina hii ya leo, ilikuwa ni kugawanya tu. Mfanyakazi mmoja wa Centrelink, Colleen Taylor, aliliona kosa kwa sababu alikuwa anajua madeni yalivyokuwa yakikaguliwa na binadamu hapo awali. Mwaka 2017 aliandika mpaka kwa katibu mkuu wa wizara. Mambo yakaendelea. Serikali haikukubali mahakamani kuwa ni kinyume cha sheria mpaka Novemba 2019, na Tume ya Kifalme ilitoa ripoti yake Julai 2023. Mama huyu hakukosa ujuzi wala hakukosa ujasiri. Alikosa wa kumsikiliza.

Kwa hiyo tusijidanganye kuwa tukifungua darasa la kompyuta tumemaliza. Mkaguzi bila ya haki ya kusema "simamisha" ni pambo. Awodi za kazi hapa zina kifungu kinachomlazimisha mwajiri azungumze na wafanyakazi wake akishaamua kuleta mabadiliko makubwa yatakayowaathiri, na teknolojia imo. Ipo pia Sheria ya Ubaguzi wa Umri ya 2004. Mtumie hayo. Mwulize mwajiri maswali matatu ya kawaida kabisa: mafunzo ni ndani ya saa zenye malipo au ni baada ya zamu? Mashine ikisema hivi na mimi nikaona vile, nani anafuatwa? Na nikiipinga, inaandikwa wapi? Na msiende mmoja mmoja. Benki ya Commonwealth mwaka 2025 ilitangaza kuondoa nafasi 45 za wapokea simu kwa kuwa roboti ya sauti ingepokea simu badala yao. Chama cha wafanyakazi wa fedha kikapeleka shauri, ikaonekana simu zinazidi badala ya kupungua, na Agosti benki ikarudi nyuma na kuomba radhi. Mtu mmoja angepewa barua yake na kwenda zake nyumbani.

Nimalizie na hilo darasa letu, maana nimeambiwa watu wameshajiandikisha. Siku ya kwanza hatutafundisha kitu. Kila mzee ataiuliza mashine, KWA KISWAHILI, juu ya jambo analolijua kuliko mtu yeyote ukumbini. Mwenye kujua urojo aulize urojo. Fundi wa jahazi aulize ubao wa jahazi. Anayemgeuza mgonjwa kitandani kila siku aulize namna ya kumgeuza bila ya kumvunja mgongo. Kisha kila mtu atusomee makosa aliyoyaona, na Kiswahili chake pia mkisahihishe, maana mara nyengine kinachekesha. Nataka kila mmoja atoke akiwa ameshaishika mashine ikikosea. Baada ya hapo vitufe vitakuja wenyewe.

Siku ya pili ni taarifa za zamu, ambazo najua ndizo zinazowanyima watu usingizi. Mtu anajua kila kilichotokea, lakini kukiandika kwa Kiingereza cha kumridhisha meneja kunamchukua saa nzima asiyolipwa. Atasema kwa Kiswahili chake, mashine itapanga Kiingereza, yeye atasoma neno kwa neno kabla ya kuweka jina lake. Sharti ni moja na halina msamaha: jina la mgonjwa, tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya chumba haviingii katika programu ya bure ya simu yako hata siku moja. Tumia ile aliyoiruhusu mwajiri, na kama hajaruhusu yoyote, tutafanya mazoezi kwa mgonjwa wa kubuni.

Vijana mtakaosaidia, mikono nyuma. Msibonyeze kwa niaba ya mtu. Mkae kama wakala wa M-Pesa, mwenye shida aje kwenu na shida yake, na akiuliza mara ya nne mjibu kama ya kwanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi tuanze maswali. Mama uliyenyanyua mkono pale nyuma, anza wewe.