Mwenye Kupooza Hajibebi

Neno kwa wapendwa wanaopigana na sigara, lililotolewa Palma wakati wa maadhimisho ya ushirika wetu



Kamati ya jarida imeniomba niandike maneno niliyowaambia wanaume na vijana siku ile. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Fungua Biblia yako, Marko sura ya 2. Kuna mtu aliyepooza kule Kapernaumu. Huyu hakuja kwa Yesu kwa miguu yake, alibebwa na watu wanne. Walipofika, mlango umejaa watu, hakuna pa kupita. Wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamshusha. Na Biblia inatuambia Yesu aliiona imani yao. Ya nani? Ya wale wabebaji pia! Shika hapo, tutarudi.

Sasa usiseme, "Mwinjilisti, hili halinihusu, mimi sivuti." Ngoja kwanza. Katika habari hii kuna aliyepooza, kuna wanne waliombeba, na kuna watu waliojaza mlango. Wewe ni mmojawapo.

Mimi nilianza kuvuta nikiwa na miaka 17, kwenye mashua ya uvuvi. Usiku baridi, nyavu nzito, wakubwa wanavuta, na mimi nikapewa kipisi. Nilipookoka nikaacha. Nilisimama madhabahuni nikashuhudia, watu wakapiga makofi. Nilikaa miaka mingi bila kugusa.

Halafu ikaja tarehe 24 Machi 2021. Mtu wa Palma hahitaji kuelezwa siku ile. Tulikimbia na nguo tulizovaa. Tulitembea porini siku nne mpaka Nangade, watoto miguu imevimba, ndugu zetu wengine hatujui wako wapi. Jioni ile tumekaa chini ya mkorosho, mtu nisiyemjua akaniona natetemeka. Akanipa sigara. Hakuwa mtu mbaya, alinipa alichokuwa nacho. Nikavuta. Nikajiambia, "Ni hii moja tu, kwa ajili ya leo."

Mpendwa, hiyo moja ilikaa na mimi mwaka mzima na zaidi. Nikawa mwinjilisti mwenye kiberiti mfukoni. Nilinawa mikono kwa ndimu, nilitafuna karafuu, nilipiga mswaki mara nne kwa siku. Mke wangu alijua, akanyamaza, akawa analia usiku. Na mimi nilihubiri.

Sasa nikwambie jambo ambalo mpaka leo likinijia kichwani nashindwa kula. Jumapili moja, mahali tulipokuwa tunaabudu wakati ule, akaja ndugu mmoja mvuvi. Ananukia sigara. Mhudumu wa mlangoni akamwambia mbele ya watu, "Hili ni hekalu la Mungu, nenda kajisafishe kwanza." Yule ndugu akainamisha kichwa, akageuka, akaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tano tu kutoka pale. Na mfukoni mwangu, ndani ya koti la kuhubiria, kulikuwa na sigara mbili. Sikusema neno.

Siku ile nilijua mimi ni nani katika Marko 2. Nilikuwa nimepooza, na wakati huohuo nilikuwa nimejaza mlango.

Sasa tuongee juu ya akili, maana sigara inakaa mfukoni lakini minyororo yake iko kichwani. Nitakutajia mawazo manne yaliyonifunga. Uone kama unayafahamu.

La kwanza: "Sigara inanituliza." Hili ni la nguvu sana kwetu sisi tulioona vita. Lakini mwuguzi mmoja wa ushirika wetu alinifundisha jinsi inavyofanya kazi. Nikotini ikivutwa inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hivi. Baada ya saa moja au mbili inapungua mwilini, na mwili unaanza kudai: mikono inatetemeka, hasira inapanda, moyo hautulii. Vijana wanaita arosto. Ukivuta tena, arosto inaondoka, nawe unasema, "Aa, imenituliza." Kumbe imekutuliza ugonjwa iliouleta yenyewe! Ni kama mtu anayekukanyaga mguu, halafu akiinua kidogo unamshukuru. Mwaka 2014 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi iliyokusanya tafiti 26 juu ya jambo hili. Ilionekana kwamba watu walioacha, baada ya muda, wasiwasi na huzuni vilipungua kuliko wale walioendelea kuvuta. Majonzi ya vita ni ya kweli, na yanahitaji maombi na watu wa kukaa nawe. Sigara haiyabebi.

La pili: "Siwezi, mwili wangu umeshazoea." Haya, tuwatazame jirani zetu Waislamu hapa pwani. Mwezi wa Ramadhani wapo wavutaji wazito kati yao, na wanakaa tangu alfajiri mpaka magharibi, karibu saa 13, bila moshi. Jua kali, kazi iko palepale, na hawafi. Kwa nini wanaweza? Wana nia, na hakuna anayefunga peke yake. Nyumba nzima imefunga, mtaa mzima umefunga, hakuna wa kumpitishia kipisi. Mimi nilijifunza hapo. Kama jirani yangu anaweza saa 13 kwa sababu wenzake wako pamoja naye, basi neno "siwezi" halitoki mwilini peke yake. Mwili kweli unalia, siku za kwanza hasa, na wiki ya kwanza ndiyo ngumu. Kwa walio wengi, kilio kinapungua sana ndani ya wiki mbili mpaka nne.

La tatu: "Nimeshajaribu nikaanguka, mimi ni wa kushindwa." Mpendwa, wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja. Mtoto anayejifunza kutembea akianguka, humwambii basi kaa chini maisha yako yote. Petro alimkana Bwana mara tatu, na bado akapewa kondoo awalishe.

La nne, na hili ndilo lililonishika kuliko yote: "Wakijua, nimekwisha." Aibu. Sigara inaipenda aibu kama mbu anavyopenda maji yaliyotuama. Kadiri nilivyoficha, ndivyo nilivyovuta zaidi, maana sigara ikawa ndiyo rafiki pekee anayeijua siri yangu. Yakobo sura ya 5 inatuambia tuungamiane na kuombeana ili tupone. Mimi nilikuwa nahubiri mstari huo kwa wengine tu.

Basi siku moja, tumesharudi Palma, nikaenda kumtafuta yule mvuvi. Nilimkuta ufukweni anashona nyavu. Nikakaa mchangani. Nikamwambia, "Kaka, siku ile walipokufukuza mlangoni, mimi nilikuwa na sigara mbili mfukoni. Nisamehe." Akanitazama muda mrefu. Halafu akacheka! Akasema, "Mwinjilisti, basi tuko wawili." Nikalia kama mtoto. Siku ile ndiyo nilianza kupona.

Tuliongeza kijana mmoja wa pikipiki, na yule mwuguzi ambaye havuti. Tukawa wanne. Hatukuwa na fedha wala ofisi. Tulikuwa na masharti machache tu, nakuandikia uyatumie.

Kwanza, tulichagua siku ya kuacha, tukawaambia wake zetu na mchungaji. Siku hiyo kila mtu alileta sigara zake na viberiti, tukavitupa pamoja.

Pili, sharti la simu: kabla hujawasha, piga simu. Huna salio, bip. Mtandao hakuna, tembea mpaka kwa mwenzako. Hamu ya sigara inakuja kama wimbi, na wimbi likikupata linakaa dakika chache tu, halafu linashuka. Ukimaliza kumtafuta mwenzako, limeshapita. Kunywa maji, tafuna tangawizi, imbeni pambio moja.

Tatu, kila mtu alitaja saa yake mbaya. Yangu ilikuwa jioni, nikikumbuka porini. Ya mvuvi ni usiku baharini. Ya kijana ni kijiweni, anaposubiri abiria huku wenzake wanauza na kununua sigara mojamoja. Tukajua nani anahitaji kushikwa saa ngapi.

Nne, anayeanguka hafukuzwi. Mvuvi wetu alianguka siku ya 19, kwenye msiba wa kaka yake. Alivuta tatu. Kesho yake alikuja mwenyewe akasema. Tulimwekea chai, tukaomba, tukamwambia siku zako 18 ni zako, hakuna aliyezifuta. Endelea. Hajagusa tena mpaka naandika hivi.

Nisikudanganye kwamba wote tumeshinda. Yule kijana wa pikipiki bado anavuta. Amepunguza, lakini anavuta. Anakuja ibadani, anakaa kiti cha mbele, na sisi bado tunampigia simu. Hatumwachi.

Mwuguzi wetu alitueleza pia habari ya watu wa Framingham kule Marekani. Watafiti walifuatilia watu zaidi ya 12,000, tangu 1971 mpaka 2003. Waliona kwamba watu walikuwa wanaacha sigara kwa makundi. Mume au mke akiacha, uwezekano wa mwenzake kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, ulipungua kwa asilimia 36. Lakini waliona na jambo jingine: waliobaki wakivuta walizidi kusukumwa pembeni mwa jamii. Niliposikia hilo nikamkumbuka ndugu yangu pale mlangoni. Tunamsukuma nje mtu ambaye uponyaji wake uko ndani, katikati ya watu!

Na kwa wazee wa makanisa neno moja. Mtu akienda kituo cha afya kuomba msaada wa kuacha, msimwambie hana imani. Ziko dawa, kama chingamu na plasta za nikotini. Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Huku kwetu hazipatikani kwa urahisi, lakini kuuliza si dhambi. Anayekohoa wiki mbili na zaidi aende akapimwe kifua kikuu, asingoje, maana moshi na kifua kikuu ni maadui wawili kwenye pafu moja.

Kwa hiyo, mpendwa, nakuachia kazi ya wiki hii. Kama unavuta, usianze na ahadi kubwa. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, mwambie ukweli, "Navuta, nataka kuacha, nishike." Mmoja tu. Wengine mtawapata pamoja. Kama huvuti, tazama kando yako ibadani. Huenda ananukia karafuu kupita kawaida. Usimnong'one. Mkaribishe nyumbani, mpe chai, mwambie unaweza kukamata pembe moja ya godoro lake.

Na kama wewe ndiye unayesimama mlangoni Jumapili, nakuomba kwa jina la Yesu, akija mtu ananukia moshi, mpe kiti. Wale wanne walilazimika kutoboa dari kwa sababu watu wazuri, wanaopenda Neno, walikuwa wameziba njia. Tusiwatobolee watu kazi ya ziada.

Tuombe. Bwana Yesu, uliona imani ya wabebaji ukamwinua aliyepooza. Mtazame ndugu yangu anayesoma sasa, mwenye kiberiti mfukoni na aibu moyoni. Mpe wanne. Na sisi utufanye tuwe miongoni mwa hao wanne. Amina.