Mizani Ikipanda Ghafla: Je, Ni Mafuta au Ni Maji?

Popote ulipo, iwe ni Voi mjini, Mwatate, Wundanyi, Taveta au kule Kasigau, vuta kigoda ukae karibu na redio. Kama unachambua mboga au unanyonyesha, endelea tu na kazi yako, mradi masikio yako yawe hapa.

Leo nataka tuzungumze na akina mama wanaojitahidi kupunguza uzito. Wengi wenu mmeshauriwa hivyo kliniki kwa sababu ya presha, kisukari au maumivu ya magoti. Mnaanza vizuri, halafu siku moja mnapanda kwenye mizani na kukuta kilo zimerudi. Hapo moyo unavunjika. Wengine huacha kabisa, na wengine hufanya jambo la hatari.

Nitawaeleza kisa cha mama mmoja, ambaye ameniruhusu nikisimulie bila kumtaja jina. Mama huyu anauza mboga sokoni hapa Voi. Ana presha, na alikuwa na kilo 84. Tulizungumza, akapunguza sukari kwenye chai, akaacha viazi karai vya jioni, akaanza kutembea kwa miguu kutoka sokoni hadi nyumbani. Baada ya wiki tano alikuwa na kilo 81.5. Alifurahi, nami nilifurahi.

Ijumaa moja alipanda Mwatate kwenye harusi ya jamaa yake. Alikaa siku mbili, na mnajua harusi zetu: pilau, chapati, nyama ya mchuzi, kachumbari na soda. Jumatatu alipima uzito, akakuta kilo 83.7. Alilia. Alijiambia kwamba kazi ya wiki tano imepotea kwa siku mbili. Akaacha kula mchana. Jirani yake akamwelekeza kwenye vidonge vya kukojoa, akavinunua bila kuandikiwa na daktari, akavimeza juu ya dawa zake za presha. Jumatano mizani ilisoma kilo 80.9. Alhamisi, saa nane mchana, jua likiwa kali, alianguka mbele ya meza yake ya mboga.

Tulipompokea, presha yake ilikuwa imeshuka sana, mdomo umekauka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Alitibiwa, na namshukuru Mungu alipona. Alipopata nguvu aliniambia, "Sista, nilikuwa nafukuza mafuta." Nikamjibu, "La, mama. Ulifukuza maji."

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye somo la leo.

Kila mama aliyewahi kubeba mtungi wa lita 20 kichwani anajua kwamba maji ni mazito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukijipima, kisha unywe nusu lita ya maji na kujipima tena papo hapo, utakuta umeongezeka nusu kilo. Je, umenenepa? Hapana. Umebeba maji tu, na baada ya saa chache utayatoa kwa mkojo na jasho. Zaidi ya nusu ya mwili wa mtu ni maji. Kwa hiyo ni kawaida uzito wa mtu mzima kupanda au kushuka kilo moja au mbili kwa siku chache bila mafuta kuongezeka wala kupungua.

Mafuta hayaji kwa kasi hiyo. Kilo moja ya mafuta mwilini ina nguvu ya karibu kalori 7,700. Mama wa kawaida hutumia takriban kalori 2,000 kwa siku. Yule mama yetu, ili aongeze kilo 2.2 za mafuta pale harusini, angehitaji kula chakula cha zaidi ya siku nane juu ya chakula chake cha kawaida. Hata kama pilau ilikuwa tamu namna gani, hilo haliwezekani. Huenda mafuta kidogo yaliongezeka, lakini sehemu kubwa ya kilo zile ilikuwa maji na chakula kilichokuwa bado tumboni.

Pengine utauliza, "Sista, maji hayo hutoka wapi?" Nitakutajia sababu nne.

Ya kwanza ni chumvi. Ukila chumvi nyingi unapata kiu, unakunywa, na mwili unayashika maji hayo mpaka figo zitoe chumvi iliyozidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, na hapo ni pamoja na ile iliyomo ndani ya chakula. Viungo vya mchuzi vya paketi, samaki wa chumvi, achari, krispi na soseji vyote vina chumvi, hata kama hukuinyunyiza mwenyewe.

Ya pili ni vyakula vya wanga, kama ugali, wali, chapati, mihogo na viazi. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, karibu nusu kilo kwa mtu mzima. Kila gramu ya akiba hiyo hushikamana na takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza ugali ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya kujinyima chakula mtu hupungua kwa kasi, akadhani amepata muujiza. Akirudi kula ugali, akiba inajaa na maji yanarudi. Mafuta yenyewe hupungua polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na wakati mwingine chini ya hapo.

Ya tatu ni hedhi. Wanawake wengi hujaa maji siku chache kabla ya damu kuanza. Matiti yanauma, tumbo linajaa, pete inabana kidoleni. Hedhi ikianza, maji yanatoka. Kwa hiyo usilinganishe uzito wa wiki ya kabla ya hedhi na uzito wa wiki ya baada yake.

Ya nne ni joto, kusimama na kazi mpya. Voi ina joto kuliko Wundanyi, na mama anayesimama sokoni kutwa nzima, au aliyekaa ndani ya basi hadi Nairobi, huweza kuona vifundo vya miguu vimevimba jioni. Pia ukianza mazoezi mapya, au ukishika jembe baada ya muda mrefu, misuli inayouma hushika maji kwa siku kadhaa.

Basi tufanye nini? Jipime mara moja kwa wiki, si kila siku. Chagua siku moja, asubuhi, baada ya kwenda choo na kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi na bila viatu. Tumia mizani ile ile, iwekwe kwenye sakafu ngumu. Andika kwenye daftari. Kisha usilinganishe wiki hii na wiki iliyopita tu. Linganisha mwezi na mwezi. Ukiona daftari linasema 81, kisha 82, kisha 80.5, kisha 80, jua safari inaendelea ingawa njia ina kona, kama vile barabara ya kupanda Wundanyi.

Pima kiuno pia, kwa utepe wa fundi cherehani. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kuongezeka, na kikizidi 88 huongezeka zaidi. Kiuno hakidanganywi na maji kwa urahisi kama mizani.

Usijinyime maji ya kunywa, hasa katika joto letu. Punguza chumvi, kula mboga, maharagwe na matunda, tembea, na jioni inua miguu juu ya mto. Vidonge vya kukojoa ni dawa ya presha, moyo na figo, na huandikwa na mtaalamu. Chai za kupunguza uzito zinazokuharisha nazo hutoa maji tu. Na kama unanyonyesha au una mimba, usianze kujinyima chakula kabla ya kuzungumza na muuguzi wako.

Lakini msikilizaji, si kila maji mwilini ni ya kungojea yapite. Nenda hospitali haraka ukiona dalili hizi.

Mama mjamzito aliyevimba uso na mikono ghafla, au anayeumwa sana na kichwa, anayeona ukungu au vimulimuli, au anayeumwa juu ya tumbo chini ya mbavu. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Usingoje asubuhi.

Mguu mmoja tu uliovimba na kuuma. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Kukosa pumzi, hasa ukilala chali, pamoja na uvimbe wa miguu na uzito unaopanda kilo mbili au zaidi kwa siku tatu. Wagonjwa wa moyo hupaswa kujipima kila siku kwa sababu hii.

Uvimbe wa macho asubuhi unaojirudia, au mkojo wenye povu jingi. Hapo figo zichunguzwe.

Na ninyi mnaolea watoto, hasa nyanya mlioachiwa wajukuu, msidanganywe na mtoto aliyevimba. Mtoto mwenye kwashiakoo huonekana mnene wa uso na miguu, na mizani yaweza kuonyesha uzito mzuri, kumbe ni maji. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde tatu. Kukibaki mashimo pande zote mbili, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akianza matibabu uzito wake utashuka kwanza, maji yanapotoka. Usiogope ukamtorosha wodini. Hapo ndipo anapoanza kupona.

Kwa kumalizia, tukumbuke mambo matatu. Kilo zinazokuja kwa siku mbili mara nyingi ni maji. Mafuta huja polepole na huondoka polepole. Na uvimbe wenye dalili za hatari hautibiwi nyumbani.

Yule mama wa sokoni amerudi kwenye daftari lake. Mwezi uliopita alikuwa na kilo 79, na presha yake imetulia. Harusi bado anaenda, na pilau bado anakula, sahani moja. Siku hizi hapandi mizani Jumatatu ya baada ya harusi, anangoja Ijumaa.