MWALIMU WA MPIRA NA MOYO WA MCHEZAJI

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wazee, wazazi na vijana katika baraza la Jumuiya)

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu viungo na akampa na akili ya kuviongoza. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Wazee waheshimiwa, wazazi na vijana. Katika mabaraza ya Waislamu wa Maniema, Kindu na Kasongo na kwingineko, husikika kauli mbili juu ya mpira wa miguu. Wako wasemao kuwa mchezo huu ni upuuzi unaowatoa watoto chuoni. Na wako wasemao kuwa mpira ni kipaji tu, mtoto huzaliwa nacho au hakupewa, kwa hiyo hapana haja ya kumtafutia mwalimu. Kauli ya kwanza wanavyuoni wamekwisha kuijibu: mchezo usiopoteza sala, wala kufunua tupu, wala kuingiza kamari, hauna ubaya kwa asili yake, na Mtume mwenyewe (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha. Kauli ya pili ndiyo yenye madhara zaidi, kwa kuwa waisemao ni wapenzi wa mpira wenyewe, na kwa sababu yake watoto wengi wamewekwa mikononi mwa mtu yeyote mwenye filimbi na sauti kubwa.

Kama kipaji peke yake kingetosha, nchi hii isingeyaona yaliyoonekana mwaka 1974. Mwezi wa Machi wa mwaka huo, timu ya taifa, ambayo wakati ule ilicheza kwa jina la Zaire, ilichukua Kombe la Afrika mjini Cairo. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale, wala hapana mtu aliyepata kufunga mengi zaidi katika mashindano ya mara moja. Ndiyo timu ya kwanza ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kufika katika Kombe la Dunia. Mwalimu wao alikuwa Blagoje Vidinić, mtu wa Yugoslavia, ambaye zamani alikuwa mlinda mlango. Nani awezaye kusema kuwa watu wale hawakuwa na ustadi?

Miezi mitatu baadaye wakaenda Ujerumani ya Magharibi. Mechi ya kwanza walifungwa na Scotland mabao 2 kwa 0, na wala hawakucheza vibaya. Kisha ikawafikia habari kuwa fedha walizoahidiwa hawatazipata. Wakataka kugoma, wakabembelezwa, wakaingia kiwanjani Gelsenkirchen tarehe 18 Juni mioyo yao ikiwa mahali pengine. Dakika ya 21, mabao yakiwa yamekwisha kuwa 3, akatolewa Kazadi, mlinda mlango wa Englebert ya Lubumbashi aliyekuwa na sifa Afrika nzima, akaingizwa mwingine. Hata mechi ilipokwisha, mabao yalikuwa 9 kwa 0. Siku nne baadaye walicheza na Brazil. Mwepu Ilunga alisimulia miaka mingi baada ya hapo ya kwamba watu wa Rais Mobutu walikuwa wamewatisha: wakifungwa zaidi ya mabao 3, wasirudi kwao. Kuelekea mwisho wa mechi, Brazil wakiwa mbele na wakijitayarisha kupiga mpira wa adhabu, Mwepu alichomoka katika ukuta wa wenzake akaupiga mpira mbali kabla wenyewe hawajaugusa. Ulimwengu ukacheka, ukasema Mwafrika hajui sheria za mchezo. Mwepu alizijua vizuri. Mtu aliyekuwa bingwa wa Afrika katika mwezi wa Machi hasahau sheria katika mwezi wa Juni. Kilichoonekana pale ni hofu na uchungu.

Miguu ya mchezaji hutumikia moyo wake, na moyo ule huathiriwa sana na wale waliopewa madaraka juu yake. Jambo hili lilijulikana kabla mpira haujakuwako. Imepokewa katika Hadithi sahihi kuwa Mtume (S.A.W.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale. Akawahimiza watupe, kwa kuwa mzee wao Nabii Ismail alikuwa mtupaji hodari, kisha akasema kuwa yeye yu pamoja na kundi moja kati yao. Mara kundi la pili likazuia mikono. Alipowauliza wana nini, wakajibu: watatupaje hali yeye yuko upande wa wenzao? Ndipo akawaambia watupe, yeye yu pamoja nao wote.

Na litazamwe jambo hili vizuri. Upinde haukuvunjika, wala mkono haukupungua nguvu, na shabaha ilikuwa pale pale. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mkubwa wao, na hilo peke yake likatosha kuizuia mikono ya watu wazima, mashujaa. Sembuse mtoto wa miaka kumi, aonaye kuwa mwalimu ana vipenzi vyake watatu na waliobaki ni wa kujaza idadi?

Hapo ndipo makosa ya walimu wengi yanapoanza, nao hawayajui. Mtoto hupokea mpira, hujaribu kumpiga mwenzake chenga, hunyang'anywa. Mwalimu hupiga kelele, na wazazi walio kando ya kiwanja humsaidia kupiga kelele. Mara ya pili yule mtoto hajaribu tena. Akiletewa mpira huurudisha nyuma upesi, kama mtu aliyewekewa kaa la moto mkononi. Mwalimu humtazama, hutikisa kichwa, husema: huyu hana kipaji. Lakini kile akiitacho ukosefu wa kipaji amekipanda mwenyewe, kwa ulimi wake, jioni baada ya jioni. Jambo hili wenye vyuo vya Kurani walielewe kabla ya wengine. Mwanafunzi anayekatizwa katika kila herufi huishia kusoma kwa kunong'ona, ili kosa lake lisisikike. Na kosa lisilosikika halisahihishwi. (Na kwa kweli ziko bakora zilizofukuza watoto chuoni kuliko mpira ulivyowahi kuwafukuza.) Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi, naye akashuhudia kuwa hakuguniwa hata mara moja, wala hakuulizwa kwa nini ulifanya hivi au kwa nini hukufanya vile. Mtu yule alikuwa kijana mdogo alipoanza utumishi, na makosa ya kijana yanajulikana.

Wala maana yake si kwamba mwalimu wa mpira anyamaze tu. Ustadi hufundishwa, tena kwa taratibu maalumu. Chukua jambo moja ambalo watazamaji wengi hawalioni: macho. Mchezaji hodari wa katikati, kabla mpira haujamfikia, amekwisha kugeuza kichwa nyuma na pembeni mara kadha. Anajua adui yuko wapi na mwenzake yuko wapi. Mpira ufikapo, yeye amekwisha kuamua. Watu husema ana utulivu wa kuzaliwa. La, ana habari ambazo wengine hawana, na aliye na habari hana sababu ya kubabaika. Mtoto aliyezoea kuukodolea macho mpira peke yake huupokea kama kipofu, akashtuka adui yuko mgongoni. Mwalimu mjuzi hamgombezi. Husimamisha mchezo akamwuliza: nyuma yako palikuwa na nani? Mtoto akishindwa kujibu, yeye mwenyewe ametambua kasoro yake. Baada ya kuulizwa hivyo majuma kadha, kichwa huanza kugeuka chenyewe bila ya kuambiwa, kama ulimi unavyozoea kuitoa dhadi mahali pake.

Na jambo la pili ni hesabu tu. Watoto ishirini na wawili wakigombea mpira mmoja katika kiwanja kikubwa, wengi wao hurudi nyumbani hawakuugusa ila mara chache. Wakigawanywa wanne kwa wanne katika viwanja vidogo, kila mmoja ataugusa mara nyingi sana, ataamua mara nyingi, atakosea mara nyingi na kujisahihisha mara nyingi. Mtoto hapati kujiamini kwa kusifiwa. Hukupata kwa kulifanya jambo likamshinda, kisha akalifanya tena likamwezekana, naye akajua kuwa limemwezekana. Sifa za bure watoto huzitambua upesi kuliko wazee wanavyodhani.

Ama utulivu wenyewe, mizani yake kubwa ni penalti. Mtaalamu mmoja wa Norway, Geir Jordet, amezichunguza penalti nyingi za mashindano makubwa, akaona kuwa wale wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi inapolia, kana kwamba wanataka mambo yaishe, hukosa zaidi kuliko wale wanaovuta pumzi kwanza.

Tarehe 6 Desemba 2022, nchini Qatar, Morocco na Hispania walimaliza dakika 120 bila ya bao. Mwalimu wa Hispania, Luis Enrique, alikuwa amewaeleza waandishi wa habari kuwa aliwaagiza wachezaji wake tangu zamani kila mmoja apige penalti elfu moja katika mazoezi. Hispania ikapiga tatu: mmoja aligonga mwamba, na mbili Yassine Bounou akazizuia. Haikuingia hata moja. Morocco ilikosa moja, ikapata tatu, na ya mwisho aliipiga Achraf Hakimi, mzaliwa wa Madrid, dhidi ya nchi aliyozaliwa. Mlinda mlango akajitupa upande, naye akauchota mpira taratibu ukapita katikati. Mtu asiyekuwa na raha moyoni hawezi kupiga namna ile mbele ya macho ya ulimwengu.

Kukariri ni lazima, wala mwenye akili hatasema vingine. Lakini mazoezi ya elfu moja hayana mshindo wa watu, wala hayana hofu ya kuaibika. Walid Regragui alikuwa amepewa timu ya Morocco mwishoni mwa Agosti ya mwaka huo huo, miezi mitatu tu kabla ya mashindano. Katika muda mfupi kama huo hapana awezaye kumfundisha mtu kupiga mpira. Alichoweza kufanya ni kuwatuliza. Mama zao na baba zao waliletwa Qatar kukaa karibu na watoto wao, na ulimwengu ukaona wachezaji wakikimbilia kwa mama zao baada ya mechi, Hakimi akibusiwa kichwani, Sofiane Boufal akicheza ngoma na mama yake kiwanjani. Kijana aliyejua kuwa radhi ya mama yake haitegemei goli alikwenda kupiga penalti akiwa na mzigo mwepesi kuliko mwenzake. Miaka 48 kabla yake, wachezaji wa Zaire walitishwa kuwa wasirudi kwao.

Itakuwa si haki kusema kuwa huruma peke yake iliifikisha Morocco katika nusu fainali, mahali ambapo hapana nchi ya Afrika wala ya Kiarabu iliyokuwa imefika. Wako katika timu ile waliolelewa tangu utoto na chuo cha mpira cha Mfalme Mohammed VI karibu na mji wa Salé: Youssef En-Nesyri, aliyewafunga Ureno kwa kichwa, na Nayef Aguerd, na Azzedine Ounahi. Huyu Ounahi katika msimu wa 2020-21 alikuwa akicheza daraja la tatu la Ufaransa. Na usiku ule wa tarehe 6 Desemba, Luis Enrique mwenyewe alistaajabu mbele ya waandishi akiuliza yule namba 8 ametoka wapi, maana jina hakulikumbuka. Ametoka kwa walimu waliomfundisha miaka mingi na hawakumtupa alipochelewa kukua.

Kisha Ufaransa ikawafunga 2 kwa 0, na vijana wale wakasujudu katika nyasi kama walivyosujudu waliposhinda. Ngamia wa Mtume aitwaye Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi mbio, alishindwa siku moja na ngamia wa bedui. Waislamu wakaona vibaya, naye Mtume akawafahamisha kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kukishusha kila kilichopanda katika dunia hii. Mwalimu aitiaye timu yake laana baada ya kushindwa ameiacha sunna iliyo karibu naye kabisa.

Sasa ibaki habari ya hapa. Wazee wanapotafuta mtu wa kuwafundisha watoto wa Jumuiya, wasimtafute aliyewahi kufunga mabao mengi katika kombe la Idi, maana kujua kucheza na kujua kufundisha ni elimu mbili. Shirikisho la mpira la Afrika, CAF, hutoa vyeti vya ualimu vya daraja la D, C, B na A. Mwenye cheti cha D amekwisha kufundishwa namna ya kuanza na watoto. Akipatikana, na akubali kuwa mwaka wa kwanza hatahukumiwa kwa vikombe, la sivyo atawachezesha watoto wakubwa tu na wadogo watakaa kando kushika viatu. Mipira minne au mitano ya bei ya chini ni bora kuliko mmoja wa fahari. Wazazi watakaokuja kutazama wakae mbali na mstari, na atakayempigia kelele mtoto, awe wake au wa mwenzake, aondolewe kwa heshima. Na mazoezi yafanywe baina ya Alasiri na Magharibi, watoto wakiwa wamekwisha kusali, na yafungwe kabla jua halijazama, ili yule aliyekosa goli jioni ile apate nafasi ya kupiga mara moja tena kabla ya adhana.

Wabillahi tawfiq.