Hongo ya Jana na Hongo ya Leo

(Mazungumzo na walimu na watumishi wa Serikali, Singida)

Ndugu Walimu, Ndugu Watumishi wa Umma,

Nimeombwa nizungumzie njia ya zamani ya misafara. Naomba nianze na msafara wa malori matatu ya vitunguu ambao niliandamana nao kutoka hapa Singida mpaka pwani.

Tuliondoka alfajiri. Tukaipita Ikungi, tukaipita Issuna, alizeti imeinamisha vichwa kila upande, na kabla jua halijawa kali tukawa Manyoni. Huko ndiko lilikokuwa pori la Mgunda Mkali, ambalo wapagazi wa karne ya 19 waliliogopa kwa uhaba wa maji. Wanyamwezi walilivuka na pembe mabegani, na safari ya Tabora hadi Bagamoyo iliweza kuchukua miezi mitatu. Sisi adhuhuri haijafika tulikuwa tumekwisha teremka Bonde la Ufa, tukaiona mipunga ya Bahi.

Ugogoni misafara ilitozwa hongo. Burton, aliyepita mwaka 1857, na Stanley, mwaka 1871, waliilalamikia sana. Lakini hebu tuitazame kwa macho ya mwenyeji. Kisima alikichimba yeye, mtama aliulima yeye katika nchi yenye mvua haba, na mamia ya watu wakaja kunywa na kula. Alipewa nguo, shanga na waya baada ya kupatana, mchana kweupe. Neno hilo hilo leo maana yake ni rushwa. Kisima hakimo tena ndani yake.

Tulipokwisha pita soko la mahindi la Kibaigwa, mbele ya safari tulisimamishwa kwenye kizuizi ambacho sitakitaja. Stakabadhi ya ushuru tulikuwa nayo. Kijana aliyekuwa zamu akaisoma, akaigeuza, akasema haisomeki. Tulingoja juani muda wa saa tatu. Ndugu zangu, kitunguu kilichobanwa katika gunia hakivumilii joto namna hiyo. Hatimaye dereva akaitwa kando. Aliporudi, kamba ikateremshwa. Mkulima hakuwapo, ila ndiye aliyelipa, maana mchuuzi huifidia fedha hiyo katika bei ya gunia atakaponunua tena.

Mwaka 2017 Serikali iliondoa ushuru kwa mazao yasiyozidi tani moja yanaposafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ni wangapi kati yetu tulibandika tangazo hilo kwenye ofisi ya kijiji? Nanyi walimu, ni wangapi mmewafundisha watoto wa wakulima kusoma stakabadhi? Mimi nimeshika chaki miaka mingi, nami sikufanya hivyo.

Dar es Salaam tuliingia usiku. Asubuhi mnunuzi alitia mkono katika gunia la lori la mwisho, akautoa umelowa, akautazama, kisha akataja bei yake.