Kanisa la Bandarini ni Letu Pia



Ashukaye boti ya Unguja katika bandari ya Dar es Salaam hakawii kuuona mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Wako wenzetu wasemao, "Hiyo ni kazi ya Mjerumani, sisi yatuhusu nini?" Leo twataka kulijibu swali hilo.

Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika mwaka 1888, wakafungua misheni Pugu. Januari 1889, watu wa pwani walipoinuka pamoja na Abushiri kuukataa utawala wa kigeni, misheni ile iliangamizwa na baadhi ya wamisionari wakauawa. Waliofuata wakaweka makao yao mjini, karibu na bandari. Ujenzi wa kanisa ulianza 1897 ukamalizika 1902. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1898, Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, na wazee wetu wakalazimika kutafuta kazi za vibarua wapate kuilipa. Mnara ulipanda, na mzigo wa wananchi ukapanda nao.

Wajenzi walifuata mtindo wa Kigothiki wa kwao Ulaya: matao yaliyochongoka, mnara wenye ncha kama mkuki, vioo vya rangi nyuma ya altare kuu, na michoro ya kuchongwa juu yake. Maandishi ya Kijerumani yangalimo ndani.

Miaka mitatu tu baada ya ujenzi kwisha, vita vya Maji Maji vilizuka. Askofu Cassian Spiss wa Dar es Salaam aliuawa Agosti 1905 akiwa safarini upande wa Liwale. Wananchi waliokufa kwa risasi na kwa njaa hata 1907 ni makumi kwa makumi ya maelfu.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi walishika kazi, na 1953 Dar es Salaam ikawa jimbo kuu. Desemba 1968 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu Laurean Rugambwa, mwana wa nchi hii, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kufanywa kardinali. Kiti kilichowekwa na wageni kikakaliwa na mwenyeji.

Basi jibu letu ni hili. Kanisa lile ni letu pia, Wakristo kwa Waislamu, si kwa kuwa siku zile zilikuwa tamu, bali kwa kuwa historia yake ni yetu. Abomoaye ukuta wa namna ile hafuti ukoloni. Afuta ushahidi wake. Tuutunze. Tena tusiridhike kusoma maandishi ya Kijerumani tu. Twendeni kwa wazee, tuwaulize waliyosimuliwa na babu zao juu ya kazi na kodi za siku zile, tuyaandike kwa Kiswahili kabla hayajazikwa pamoja nao.