Amepona, lakini kijiko kinamshinda

Mgonjwa mahututi katolewa mashine ya kupumulia, homa imekwisha, lakini kijiko kinamshinda. Jamaa wananong'ona: karogwa huyu, au anadeka. La hasha! Mwaka 1984 Dakta Charles Bolton na wenzake, huko Kanada, walieleza habari za wagonjwa watano wa namna hiyo. Neva zao ziliharibika. Misuli nayo huliwa: utafiti wa Uingereza wa 2013 ulikuta msuli wa paja umepungua karibu asilimia 18 kwa siku 10 tu.

Mwaka 2009 Wamarekani walionyesha kwamba wagonjwa waliofanyishwa mazoezi wakiwa bado kwenye mashine, asilimia 59 walitoka hospitali wakijimudu, wenzao, 35. Basi muuguzi akimkalisha mgonjwa wenu kitandani, msimgombeze.